Kurasa Tisa za Zawadi

Chuoni, 4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa binti yenu. Sisi huku wazima, ila furaha inataka kunipasua, kwa hiyo kaa kwanza kama bado hujakaa.

Tumepata zawadi. Si kalamu na kalenda kama za kila mwisho wa mwaka. Chama cha Wataalamu wa Ununuzi wa Umma kimeamua kuipa idara yangu fedha za kuanzisha shahada kamili ya ununuzi wa umma: wahadhiri watatu kwa miaka mitano, maktaba, na ufadhili wa masomo kwa wanafunzi arobaini kila mwaka. Fikiria, kaka. Vijana arobaini watasoma jinsi serikali inavyonunua dawa, madawati na saruji bila kuibiwa. Makamu Mkuu wa Chuo alinipigia makofi kwenye korido, mtu ambaye mpaka mwezi jana alichojua kuhusu idara yetu ni kwamba tuko karibu na vyoo vya chini.

Hafla ya makabidhiano ni mwezi Mei. Siku hiyo natakiwa kutia saini mbele ya watu. Nimekuwekea nakala ya hati uisome kwa jicho lako, maana sijaona mtu anayesoma karatasi kama wewe.

Najua chama hiki ndicho kilichofuta jina lako kwenye daftari lake miaka ishirini na miwili iliyopita, ukafukuzwa kazi kwa ajili ya bahasha ya zabuni iliyofunguliwa kabla ya wakati. Na najua hukuifungua. Nisamehe kama nakutonesha kidonda. Lakini sina mwingine wa kumuuliza.

Mdogo wako,
Msomi


Kibandani, 11 Februari
Kuhusu: Zawadi yenu na kurasa zake

Mdogo wangu Msomi,

Barua yako ilifika jana saa tatu asubuhi, bahasha nzima, gundi haijaguswa. Nimeigonga muhuri wa kupokelea. Wifi yako anacheka, anasema hata kadi za harusi nazigonga muhuri. Acha acheke. Mtu anayeuza bahasha na karatasi mbele ya mahakama lazima awe na heshima kidogo na bidhaa zake.

Hongera. Hilo nimeshalisema, sasa tuongee kazi.

Nimepokea zabuni kwa miaka kumi na mmoja na sijaona mtu anayetoa bila kutaka. Sisemi kutaka ni vibaya. Nataka tu nijue anachotaka kimeandikwa ukurasa gani. Hati yako nimeisoma mara tatu. Ukurasa wa kwanza sifa, wa pili sifa, wa tatu sifa za waliosifu, kisha vifungu, kisha nafasi za saini. Chini ya kila ukurasa pana herufi ndogo: wa kwanza kati ya tisa, wa pili kati ya tisa, hadi wa sita kati ya tisa. Umenitumia sita. Tatu ziko wapi?

Na huyo mwenyekiti wa chama anayewapa fedha, namjua. Tulikaa meza jirani miaka tisa. Tulimwita Kola kwa sababu ya shati lake, limepigwa wanga mpaka shingo haigeuki. Mimi nilipofutwa, yeye alipandishwa cheo akakalia meza yangu. Kola hakuwahi kumnunulia mtu chai bila kuomba risiti. Vyuo viko tele. Kwa nini idara ya dada yangu?

Nitumie kurasa zilizobaki.

Kaka yako,
Muuza Bahasha


Chuoni, 19 Februari

Kaka,

Wewe nawe! Nilikuletea keki, ukaanza kutafuta mchanga ndani yake.

Hizo kurasa tatu ni kiambatisho tu, orodha ya kompyuta na viti. Mashine ya kunakili ya idara ilikwama, nikaona hazina maana. Na fedha si za Kola. Ni za wanachama. Mweka hazina wao alikuja hapa, mama mmoja mtu mzima, akaniambia wamekatwa kidogo kidogo kwenye mishahara yao kwa miaka minane. Wakunga wa manunuzi, alivyojiita yeye na wenzake, kwa sababu kazi yao huonekana pale tu inapoharibika. Alipokiona chumba chetu cha mihadhara na lile dirisha lililozibwa kwa boksi, alitoa kitambaa akafuta macho. Hayo hayakuwa machozi ya mamba.

Nina wanafunzi wanaolala wawili wawili kitanda kimoja ili wamalize muhula. Kaka, wewe umeumia, na una haki ya kuumia, lakini usinifanye nimtilie shaka kila anayenyoosha mkono. Nisaidie vifungu, basi.

Msomi


Kibandani, 27 Februari
Kuhusu: Mashine yenu ya kunakili

Mdogo wangu,

Mashine ya kunakili ninayo hapa kibandani, mwaka wa kumi na tatu sasa. Naijua kama ninavyoyajua magoti yangu. Ikikwama hula ukurasa mmoja, huukunja kama leso na kuutema upande wa nyuma. Haichagui kurasa tatu za mwisho zinazofuatana.

Kuna jingine. Juzi nimeletewa kadi ya mwaliko. Karatasi nene, herufi za dhahabu. Chama kinaniomba nihudhurie hafla yenu kama "ndugu wa Mkuu wa Idara", kiti mstari wa mbele. Kwa miaka ishirini na miwili hawajanitumia hata salamu ya sikukuu, leo wananipa kiti cha mbele. Nimeigeuza kadi huku na huku nikitafuta mtego. Wifi yako anasema mtego ni kichwa changu.

Sitakuja. Sitakaa mbele nimpigie Kola makofi.

Sasa nakuuliza kama kaka, si kama muuza bahasha. Kola amekupa nini? Kama kuna nyumba, gari, cheo, niambie tu, nitakasirika halafu nitanyamaza. Unanificha kitu, na hukuwa hivyo ulipokuwa mdogo. Au labda ulikuwa hivyo nami nilijifanya sioni.

Muuza Bahasha


Chuoni, 8 Machi

Kaka yangu,

Mstari wako wa mwisho umeninyima usingizi. Hajanipa kitu. Nakuapia kwa kaburi la mama.

Kurasa hizi hapa, saba, nane na tisa. Si orodha ya viti. Nilidanganya, nisamehe.

Ni kisa cha kufundishia. Chama kinatoa fedha kwa sharti kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afundishwe kisa hiki, kila mwaka, maisha yote ya shahada. Mwandishi wake ni Mwenyekiti. Kinaitwa "Bahasha ya Nne". Hakuna jina lako. Kinasema "afisa ununuzi mmoja". Lakini sanduku ni lile, bahasha ni ile, mwaka ni ule. Kinaeleza jinsi afisa alivyofungua sanduku la zabuni ambalo ufunguo wake anao yeye peke yake, akaifungua bahasha ya nne kwa mvuke wa birika, akamnong'oneza rafiki yake bei iliyokuwa ndani, akaigundisha tena. Rafiki akaleta zabuni yake siku ya mwisho, ikiwa chini kidogo tu. Mwisho wa ukurasa wa tisa wanafunzi wanaulizwa: "Jadili tamaa ya afisa huyu."

Vijana arobaini kila mwaka, kaka, wakiijadili tamaa yako. Nilikuficha kwa sababu nilitaka kukuepusha na aibu hii. Hiyo tu.

Ukiniambia nisisaini, sisaini.

Msomi


Kibandani, 17 Machi
Kuhusu: Ukurasa wa nane, mstari wa kumi na nne

Mdogo wangu,

Nimesoma kisa changu. Kola anaandika vizuri, sikatai. Hata birika amelielezea lilivyotoa mvuke. Nilisoma nikatamani kumfahamu huyo afisa nimzabe kibao.

Kwanza hati. Kifungu cha tano kinasema idara inaweza kuongeza kwenye nyenzo za kufundishia lakini haiwezi kupunguza. Kwa hiyo hamwezi kukitoa kisa hiki. Amekaza vizuri.

Pili, hebu fungua ukurasa wa nane, mstari wa kumi na nne. Nakunakilia: "Uzembe wa afisa huyu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alizoea kuuacha ufunguo wa sanduku ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko la nyumbani kwake, juu ya kalenda."

Ni kweli. Ndipo nilipokuwa nauweka nikiwa nyumbani. Msumari, kalenda, kila kitu. Ila mbele ya kamati ya uchunguzi nilisema ufunguo haukutoka mfukoni mwangu hata siku moja. Imo kwenye ripoti yao, nimesaini. Huo msumari sikumtajia mtu. Na Kola hakuwahi kukanyaga jikoni kwangu nikiwapo.

Ndivyo tulivyofundishwa kazi, kuandika kila kitu: saa, mahali, rangi ya wino. Mtu mwingine angeandika "mzembe" na kupita. Kola hakuweza. Amejaza maelezo mpaka amejaza na la kwake.

Mtu aliyeuona msumari ule alifunguliwa mlango na mtu wa nyumbani. Sikuulizi kitu. Nimeandika tu nilichosoma.

Muuza Bahasha


Chuoni, 25 Machi

Kaka,

Nimeianza barua hii mara sita. Naiandika ya saba na nitaituma ilivyo.

Ni mimi niliyemfungulia.

Siku ile wifi alishikwa na uchungu alfajiri, ukampeleka hospitali, ukaniacha na nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasubiri majibu ya chuo. Saa nne asubuhi akaja yeye, shati jeupe, heshima tele, akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Akasema, "Kaka yako amenituma nichukue ufunguo wa sanduku, hawezi kutoka hospitali, mimi nitaurudisha mchana." Nilimjua kwamba ni mwenzako. Nikautoa msumarini mbele ya macho yake nikampa. Saa nane akaurudisha. Alikuwa ameuvua kwenye uzi wake, nikaufunga mwenyewe nikautundika pale pale. Jioni ulirudi unaruka kwa furaha ya mtoto, mimi nikasahau.

Zilipita wiki tatu, wakakushika. Ndipo nilipoelewa. Na nikanyamaza. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Kisha nikapata chuo, kisha wewe ukakodi kibanda, kisha ikawa miaka ishirini na miwili. Nimesoma shahada tatu juu ya mgongo wako, kaka. Hata somo nililolichagua, nadhani nililichagua kwa sababu hiyo.

Sikukuficha kurasa zile kwa ajili ya aibu yako. Nilizificha kwa ajili ya msumari. Nilijua ukifika mstari ule utajua ni nani.

Na jana Kola alikuja ofisini. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akasifia mapazia. Akasema, "Dada, nakukumbuka ulivyokuwa binti mdogo. Ulinipa na maji. Watu wema kama wewe hawasahauliki, ndiyo maana nilipoulizwa zawadi iende wapi, nikasema iende kwako." Hakuna neno hata moja la tishio, na hilo ndilo lililonitisha. Shahidi ni mmoja tu duniani, kaka, na Kola anataka kumnunua kwa zawadi.

Niambie nifanye nini. Au nitukane. Lakini usinyamaze.

Mdogo wako


Nyumbani, 14 Aprili

Wifi yangu,

Habari za siku nyingi. Nakuandikia kwa siri, kwa hiyo muhuri hautauona humu.

Umemwandikia nini kaka yako? Wiki ya tatu hii hali chakula akakimaliza. Kibanda anafungua saa tano, wateja wanamgongea. Barua yako ameiweka kwenye mfuko wa shati, halafu shati hataki nilifue. Nilipomuuliza alisema ni mambo ya manunuzi. Mimi nimeolewa na manunuzi miaka ishirini na minne, hayajawahi kumliza mtu akiwa amesimama akichemsha chai.

Kama ni ugonjwa unaumwa, niambie mimi, mwanamke mwenzako. Kama ni ugomvi wenu wa kitoto, malizeni.

Wifi yako


Kibandani, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina kichwa cha habari.

Nilijua. Tangu siku ya kamati. Nilipouchukua ufunguo msumarini kesho yake baada ya mtoto kuzaliwa, nikaona uzi umefungwa fundo la kipepeo. Mimi nafunga fundo la kifurushi, mara mbili, unanijua. Fundo la kipepeo ni lile ulilokuwa ukifungia mfuko wako wa madaftari tangu darasa la pili, mama akikugombeza kwamba litafunguka njiani. Wakati huo sikujali. Waliponiita kwenye kamati na kuniuliza, "Nani mwingine aliwahi kuushika ufunguo huu?" nililiona fundo mbele ya macho. Nikajibu, "Hakuna."

Ningesema kweli, wangekuita. Wangekukalisha mbele ya watu tisa wenye miwani, na chuo kisingempokea binti aliyetajwa kwenye uchunguzi. Nikapiga hesabu haraka: mmoja wetu ataharibikiwa, na mimi tayari nilikuwa na mke na kazi nilishaionja.

Na katika barua yako ya kwanza mwaka huu uliandika "najua hukuifungua". Wote walionipenda walisema wanaamini. Wewe peke yako uliandika unajua.

Sasa nikuambie baya langu, maana na mimi ninalo. Mwezi uleule nilikuona na viatu vipya. Vyekundu, vya kisigino kifupi. Mama hakuwa na uwezo wa viatu vile, na mimi sikukununulia. Nikasema moyoni: Kola amemlipa. Sikukuuliza, niliogopa jibu. Nilikulinda, ndiyo, lakini kwa miaka ishirini na miwili nimekulinda nikidhani uliniuza. Kila ulipokuja na zawadi nilitazama miguu yako kwanza. Nimeuhifadhi hata ule uzi, na fundo lake, kwenye kopo la vibanio, kama kielelezo. Dhidi ya nani, sijui.

Wewe unauliza ufanye nini. Saini. Vijana arobaini kila mwaka si mchezo, na fedha ni za wale wakunga, si za Kola. Mimi nimeshazoea kuwa mwizi, niache niwe mwizi wa ukurasa wa nane. Ukisema kweli leo utapoteza cheo na mimi sitapata kitu, umri wangu wa kuajiriwa umepita. Nyamaza. Ni kaka yako anakuambia.

Muuza Bahasha


Chuoni, 25 Mei

Kaka,

Viatu alininunulia mkeo.

Muulize, si yuko hapo? Alininunulia kwa kuwa nilibaki na nyumba siku ya uchungu, nikafua na nguo zote za damu alizorudi nazo. Akaniambia nisikwambie, kwa sababu alichomoa pesa kwenye akiba uliyoficha ndani ya redio mbovu. Miaka ishirini na miwili, kaka! Jibu limekuwa likikupakulia chakula kila siku, na wewe mtaalamu wa kuomba ufafanuzi hukumuuliza hata mara moja.

Nililia kwa hasira nilipoisoma barua yako, kisha nikalia kwa mengine. Sikujibu kwa sababu ulinikataza kusema, na mimi nilikuwa nimeshaamua kukuasi. Sikutaka tubishane.

Hafla ilikuwa jana. Ukumbi ulijaa. Kiti chako cha mbele kilibaki wazi na kadi yenye jina lako juu yake. Kola alihutubia nusu saa juu ya uadilifu. Nilipoitwa kusaini nilisema kwamba kwa desturi ya watu wa zabuni, hakuna kinachosainiwa kabla hakijafunguliwa na kusomwa mbele ya wahusika. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikasema kifungu cha tano kinaniruhusu kuongeza kwenye kisa cha kufundishia, na mimi nimeongeza ukurasa mmoja. Nikausoma.

Nilisoma kwamba mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa, niliutoa ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni nikamkabidhi mtu ambaye leo ni mwenyekiti wa chama. Nilitaja saa. Nilitaja bilauri ya maji. Nilitaja kwamba kaka yangu hakumtuma mtu. Kisha nikasoma swali jipya la wanafunzi: "Afisa alisema ufunguo haukutoka mfukoni mwake. Mwandishi wa kisa hiki aliuona wapi msumari?"

Kola alitaka kucheka, akakosa mahali pa kuanzia. Ile shingo uliyosema haigeuki iligeuka, ikatazama mlango. Halafu yule mama mweka hazina akasimama, akaomba nakala ya ukurasa wangu, akasema kwa sauti ndogo kwamba chama hakitasaini leo, kitakaa kwanza.

Kwa hiyo sina zawadi, kaka. Labda itakuja, labda haitakuja. Makamu Mkuu hanisalimii, nimepewa siku kumi na nne kujieleza kwa maandishi kwa nini nimekiaibisha chuo, na lile boksi bado liko dirishani. Leo asubuhi mwanafunzi mmoja kati ya waliokwisha kuomba ufadhili alinisubiri mlangoni akaniuliza kama arudi kwao. Hilo linaniuma, na litaniuma kwa muda mrefu.

Lakini sitamfundisha mtu yeyote kuijadili tamaa yako.

Nimeambatisha hati nzima, kisa na ukurasa wangu humo.

Mdogo wako,
Msomi


Kibandani, 2 Juni
Kuhusu: Kupokelewa

Mdogo wangu,

Imefika leo saa nne asubuhi, bahasha nzima. Nimeifungua mbele ya mke wangu na binti yangu, nikasoma kwa sauti kama inavyotakiwa. Nilipofika kwenye viatu, wifi yako alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Nina kazi ya kuomba msamaha nyumba mbili.

Nimemwelekeza binti aniandikie hiyo barua yako ya kujieleza, rasimu naituma kesho kwa basi. Usijibu kitu kabla hujaisoma. Na huyo mwanafunzi mwambie asiondoke kwanza.

Nimehesabu. Kurasa kumi kati ya kumi. Nimegonga muhuri kila ukurasa, na wa kumi nimeugonga mara mbili.

Ndani ya bahasha hii utakuta uzi. Fundo sijalifungua tangu siku ile. Kilikuwa kielelezo changu na sasa sina kesi. Fungia madaftari yako.

Kaka yako